Kinga ya Masikio Penye Kelele za Kazi

Mazungumzo kwa wafanyakazi na waajiri wa mwambao na visiwa vya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza



Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Walimkusudia mtu mkaidi asiyeshika nasaha. Lakini kwa mfanyakazi anayeshinda penye mashine, methali hiyo ni kweli kwa maana yake ya dhahiri: sikio lililokwisha kuuliwa na kelele halina dawa. Hakuna kidonge wala sindano ya kulirejeshea usikivu uliopotea. Kifaa cha kukuza sauti humsaidia aliyepungukiwa, lakini hakimrudishii alichokuwa nacho.

Mazungumzo haya yanahusu chombo kimoja kidogo. Nacho ni kinga ya masikio ya kuvaa kichwani, yenye vikombe viwili vya kufunika masikio na upinde unaoviunganisha. Mafundi wengi huiita hedifoni kwa vile inafanana na ile ya kusikilizia redio. Baadhi ya viwanda huigawa kwa wafanyakazi wao, na fundi aliyejiajiri anaweza kuinunua katika maduka ya vifaa vya kazi. Hata hivyo imeonekana mara nyingi kwamba chombo hicho kinaning'inia shingoni au msumarini na huku mashine inanguruma. Makusudio ya maelezo haya ni kubainisha kwamba kinga ya masikio haina faida ila ikae barabara kichwani, na ikae hapo kwa muda wote wa kelele.

KELELE ZA MWAMBAO

Mji wa Mwanza na vitongoji vyake ni mahali pa kazi nyingi zenye kelele. Katika viwanda vya minofu ya sangara, mitambo ya kugandisha na ya kutengeneza barafu hufanya kazi usiku na mchana. Katika vinu vya kuchambulia pamba, kelele huendelea msimu mzima. Katika karakana za Nyakato na kwengineko, wachomeleaji hukata chuma kwa grainda na maseremala hupasua mbao kwa misumeno ya umeme. Milimani, mawe makubwa ambayo ni sifa ya mji huu huvunjwa kuwa kokoto. Na hakuna mtaa usiokuwa na mashine ya kukoboa na kusaga.

Ziwani nako hali ni hiyo hiyo. Katika Bandari ya Mwanza Kusini iliundwa meli mpya ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini mwezi Februari 2023, na kazi ya kukata, kugonga na kuunga mabamba ya chuma ni miongoni mwa kazi zenye kelele kali kuliko zote. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni 2025, lilijengwa kwa miaka kadhaa kwa mitambo ya kuchimbia nguzo na kuchanganyia zege. Wakazi wa visiwa vya Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome wanazijua kelele za injini tangu utotoni: injini za vivuko, injini za mitumbwi zinazofungwa nyuma, na jenereta za mialoni. Nahodha na fundi wa injini hukaa nazo saa nyingi kila siku, mwaka hadi mwaka.

Kazi zote hizo ni za halali na ni za kulijenga taifa. Haifai kazi ya halali imrudishe mtu nyumbani akiwa kiziwi.

NAMNA KELELE INAVYOLIDHURU SIKIO

Ndani ya sikio la mwanadamu mna kiungo kilichojiviringa mfano wa konokono. Humo mna chembechembe zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 katika kila sikio, ambazo hupokea mtikiso wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Kelele kali inapozipiga, vinyweleo hulala kama mpunga uliopigwa na upepo. Kelele ikikoma mapema huinuka tena. Ndiyo maana mtu aliyetoka karakanani jioni huhisi masikio yameziba, na asubuhi yakazibuka. Lakini kipigo kikirudiwa kila siku chembechembe hizo hufa, na kwa mwanadamu zikifa hazioti nyingine.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayaumi. Hakuna usaha, hakuna homa, wala hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema kwamba ndipo yalipoanza. Kwanza hupotea sauti nyembamba, kama mlio wa ndege na kengele ya saa. Baadaye hupotea herufi zenye sauti nyembamba, kama S, F, SH na T. Mtu huyo husikia kuwa anasemeshwa, lakini hayapambanui maneno. Akiambiwa "fika" husikia "shika"; akiambiwa "kata" husikia "pata". Huwalaumu watu wa nyumbani kwamba wananong'ona, nao humlaumu kwamba hataki kusikia. Wengine hupata mvumo au mlio usiokwisha ndani ya sikio, unaowanyima usingizi.

Madhara hayaishii nyumbani. Asiyesikia vizuri kiwandani huenda asisikie gari la kubebea mizigo linaporudi nyuma yake. Mvuvi wa dagaa aliye ziwani usiku hutegemea sikio lake kuliko jicho: kwa sikio hutambua ngurumo ya mbali, mwelekeo wa upepo na injini ya chombo kinachomjia gizani.

KIPIMO CHA HATARI

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kiasi cha desibeli 60. Wataalamu wengi wa afya kazini huchukulia desibeli 85 kwa saa 8 za kazi kuwa ndio ukingo. Kupita hapo sikio huanza kudhurika. Ni muhimu kufahamu kwamba namba hizo hazipandi kama za mizani ya sokoni. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya kelele huwa maradufu, na muda wa kukaa humo bila ya kinga hupungua kwa nusu. Hivyo:

Desibeli 85: saa 8.
Desibeli 88: saa 4.
Desibeli 91: saa 2.
Desibeli 94: saa 1.
Desibeli 97: dakika 30.
Desibeli 100: dakika 15.

Grainda inayokata chuma huweza kufikia desibeli 100 na zaidi. Maana yake ni kwamba fundi asiyekuwa na kinga amekwisha kumaliza kipimo chake cha siku nzima kabla hata ya kunywa chai ya asubuhi.

Asiyekuwa na chombo cha kupimia ana njia nyepesi ya kukadiria. Watu wawili wasimame karibu na mashine, baina yao urefu wa mkono mmoja ulionyooshwa. Ikiwa hawasikilizani mpaka wapaze sauti, hapo ni mahali pa kuvaa kinga.

USHAHIDI WA ZAMANI NA WA SASA

Jambo hili si geni duniani. Mwanzoni mwa karne ya 18, tabibu wa Italia aitwaye Bernardino Ramazzini aliandika juu ya wafua shaba wa mji wa Venice, ambao kwa kugonga shaba kutwa walikuwa wakiingia uziwi. Mwaka 1886 huko Glasgow, Scotland, daktari Thomas Barr aliwapima masikio mafundi wa kuunda matangi ya mvuke ya meli, akawalinganisha na watu wasiofanya kazi penye kelele, wakiwemo wapeleka barua. Mafundi wa matangi walionekana kuathirika vibaya kuliko wenzao. Mji huo wa Glasgow una nasaba na Ziwa Victoria, kwani meli ya MV Victoria iliundwa huko kwa vipande, vikaja kuungwa Kisumu, na ikaanza safari zake mwaka 1961.

Hapa nchini nako utafiti umefanyika. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliowapima wafanyakazi 221 wa viwanda vya chuma vya Tanzania na kuwalinganisha na walimu 107 wa shule za msingi. Wafanyakazi wa chuma 48 katika kila 100 walikutwa na upungufu wa usikivu, na walimu 31 katika kila 100. Tofauti hiyo ndiyo inayohusishwa na kelele za kazi. Na kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, kwa sababu mbali mbali.

KUPUNGUZA KELELE KWANZA

Kabla ya kufikiria kinga ya kichwani, ni wajibu wa mwenye mashine kuipunguza kelele pale inapotoka. Mashine ipakwe grisi, na nati zilizolegea zikazwe. Bamba linalotikisika liwekewe mpira chini yake. Jenereta itolewe nje ya chumba cha kazi, na eksozi iliyotoboka ibadilishwe. Mashine ya kusaga itengwe kwa ukuta na mahali wateja wanaposubiri, kwani mama aliyekuja na debe la mahindi na mtoto mgongoni naye ana masikio. Wafanyakazi wapokezane zamu ili mtu mmoja asikae penye kelele kutwa nzima. Kinga ya kichwani ni ya kelele ile iliyobaki baada ya juhudi hizo.

KUCHAGUA KINGA

Kinga za masikio ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni vizibo vidogo vya sponji au mpira vinavyoingizwa katika tundu la sikio. Ya pili ni hii ya vikombe. Faida ya vikombe ni kwamba huvaliwa na kuvuliwa kwa wepesi, mikono ya fundi yenye grisi haiingii sikioni, na msimamizi anaweza kuona kwa mbali nani amevaa na nani hakuvaa. Penye kelele kali mno, zinazozidi desibeli 100, hushauriwa kuvaa aina zote mbili kwa pamoja.

Kwenye pakiti huandikwa namba ya desibeli zinazopunguzwa. Zilizotengenezwa kwa kanuni za Ulaya huwa na alama ya SNR, na za Marekani huwa na alama ya NRR. Namba hiyo ilipatikana katika chumba cha majaribio, kwa mvaaji aliyevishwa kwa uangalifu. Kazini faida huwa ndogo kuliko hiyo. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini, NIOSH, ilishauri mwaka 1998 kwamba namba ya kinga ya vikombe ikatwe robo. Kwa hiyo mnunuzi asijipe matumaini kwa namba iliyoandikwa peke yake.

Aidha isidhaniwe kwamba kinga yenye namba kubwa kuliko zote ndiyo bora kwa kila mtu. Sikio likibakishiwa kiasi cha desibeli 75 hadi 80 limepata salama. Fundi aliye katika kelele za desibeli 98, akivaa kinga inayompunguzia kwa hakika desibeli 20, hubakiwa na 78, na hicho ni kiasi kizuri. Akizibwa zaidi ya hapo hatasikia honi wala mwenziwe anayemwonya, na atashawishika kuivua.

Jambo moja la kusisitizwa ni kwamba pamba si kinga. Pamba ni zao la heshima katika nchi ya Wasukuma na limesomesha watoto wengi. Lakini kipande cha pamba kilichotiwa sikioni hupunguza kelele kidogo tu, na humdanganya mtu kwamba amejilinda. Vivyo hivyo kwa karatasi laini na kitambaa. Wahenga walimwita mtu asiyesikia nasaha kuwa ametia pamba masikioni. Fundi asiwe mtu huyo kwa maana zote mbili.

NAMNA YA KUIVAA

Kinga ya vikombe ivaliwe kabla ya mashine kuwashwa, katika utaratibu ufuatao:

(a) Mvaaji aitazame kwanza. Matakia ya vikombe yawe laini yasiyopasuka, sponji ya ndani iwepo, na upinde uwe na nguvu ya kubana.

(b) Aondoe vinavyozuia vikombe kukaa. Hereni kubwa zivuliwe. Nywele na misuko irudishwe nyuma ya masikio. Kofia ya kitambaa ivuliwe au isogezwe juu ya masikio.

(c) Aangalie alama za upande wa kulia na wa kushoto, ikiwa zipo.

(d) Avishushe vikombe mpaka mwisho wa upinde, avipanue kwa mikono miwili, na kuviweka juu ya masikio. Sikio zima liingie ndani ya kikombe, ndewe pamoja na ncha ya juu. Takia lisikalie sikio bali likalie mfupa unaolizunguka.

(e) Upinde ulale katikati ya utosi. Avishike vikombe kwa vidole huku akiusukuma upinde chini kwa vidole gumba, hadi uguse kichwa bila ya kukibonyeza.

(f) Apitishe kidole kuzunguka kila takia, kuhakikisha kwamba hapana unywele, kitambaa wala mshipi uliokatiza chini yake.

(g) Mashine ikisha kuwashwa, avibonyeze vikombe kwa viganja viwili kisha aachie. Ikiwa kelele ilipungua sana alipobonyeza, basi pana upenyo na hana budi kuivaa upya. Ikiwa hapana tofauti kubwa, kinga imekaa. Alama nyengine ya kukaa vizuri ni kuisikia sauti yake mwenyewe kuwa nzito, kama ya mtu anenaye ndani ya mtungi.

Upenyo mdogo hupitisha kelele nyingi, kama vile dirisha lililofunguliwa kidogo tu linavyopitisha sauti yote ya barabarani. Kwa sababu hiyo kuna watu wanaohitaji uangalifu zaidi. Mwenye miwani achague yenye mikono myembamba inayolala juu ya ngozi. Mwanamke anayejifunika hijabu au kilemba avae kinga kwanza, vikombe vikae juu ya ngozi, kisha kitambaa kipite juu yake. Ikiwa kanuni za usafi za kiwanda cha samaki zinataka kichwa kifunikwe muda wote, vizibo vya kuingiza sikioni huenda vikamfaa zaidi, alimradi aoneshwe namna ya kuvitumia. Anayevaa kofia ngumu atafute vikombe vinavyofungwa katika kofia hiyo, kwani upinde wa kawaida chini ya kofia huifanya kofia isikae.

MUDA WA KUVAA

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu huivaa kinga vizuri asubuhi, kisha huivua mara kwa mara: kujibu simu, kuzungumza na mteja, kufuta jasho. Hudhani kwamba akiivaa kwa saa 7 katika 8 amepata sehemu 7 katika 8 za faida. Hesabu ya kelele haiendi hivyo.

Tuseme kinga inapunguza desibeli 30 ikivaliwa kwa saa 8 kamili. Mvaaji akiivua kwa jumla ya dakika 30 penye kelele, faida yake kwa siku ile hushuka hadi kiasi cha desibeli 12. Akiivua kwa saa 1 hushuka hadi 9. Akiivaa kwa nusu ya siku tu, hubakiwa na desibeli 3. Sababu ni kwamba ile kelele kali inayoingia katika dakika chache za kuvuliwa hupita kwa wingi ile yote iliyoingia kidogo kidogo katika saa za kuvaliwa. Ni mfano wa mtumbwi wenye tundu moja. Mbao nyingine zote zikiwa nzima, maji yataingia kwa lile tundu.

Kwa hiyo anayetaka kuzungumza atoke kwanza penye kelele, au azime mashine, ndipo avue. Mafundi waliozoea kufanya kazi pamoja wakubaliane ishara za mikono kwa maneno ya kila mara, kama vile simamisha, inua, shusha na subiri. Kwa waendesha winchi na mafundi wa vyumba vya injini, zipo kinga zenye redio ya mawasiliano ndani yake, na waajiri wenye uwezo wanahimizwa kuzinunua. Lakini kinga isigeuzwe kuwa chombo cha kusikilizia muziki kwa sauti ya juu, kwani hapo kelele iliyozuiwa nje itakuwa imekaribishwa ndani.

Husemwa kwamba vikombe vina joto. Ni kweli, na hasa katika miezi ya jua kali. Dawa yake ni mapumziko mafupi mahali pa kimya, na kitambaa kikavu cha kufutia jasho. Husemwa pia kwamba masikio yamekwisha kuzoea kelele. Sikio halizoei kelele. Anayeona kwamba mashine yake haimsumbui tena kama ilivyomsumbua mwaka wa kwanza, huenda amekwisha kupoteza sehemu ya usikivu wake, na aende akapimwe.

UTUNZAJI

Matakia yafutwe kila baada ya kazi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha yakauke kivulini. Petroli, spiriti na dawa nyengine kali zisitumike, kwani huyakausha na kuyapasua. Kinga isiachwe juani wala nyuma ya kioo cha gari. Upinde usipanuliwe kwa nguvu ili ulegee. Upinde uliolegea haubani, na kinga isiyobana ni pambo. Vikombe visitobolewe. Matakia na sponji hubadilishwa kiasi cha kila miezi 6, na mapema zaidi yakiwa magumu kwa jasho na joto. Ni vyema kila mfanyakazi awe na kinga yake na jina lake juu yake. Ikilazimu kuazimana, isafishwe kwanza.

WAJIBU WA MWAJIRI NA WA MFANYAKAZI

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, imemwekea mwajiri wajibu wa kuhakikisha usalama na afya ya wafanyakazi wake, kuwapatia vifaa vya kinga, na kuhakikisha kwamba wanapimwa afya. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kuvitumia vifaa alivyopewa. Msimamizi wa sheria hiyo ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, mwenye ofisi ya kanda mjini Mwanza. Mwajiri asiyejua kiwango cha kelele katika kiwanda chake anaweza kuomba kupimiwa.

Inasisitizwa kwamba masikio ya mfanyakazi yapimwe anapoanza kazi, na baada ya hapo kila baada ya muda. Kipimo cha mwanzo ndicho kitakachoonesha baadaye kama usikivu umepungua na kwa kiasi gani. Bila ya kumbukumbu hiyo huwa vigumu kwa mfanyakazi kuthibitisha kwamba kazi ndiyo iliyomdhuru, hata kama Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, upo kwa ajili ya wanaopata maradhi kutokana na kazi zao. Mwenye dalili za mvumo au za kutopambanua maneno asingoje. Aende hospitali, na akihitaji uchunguzi zaidi aombe kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Bugando.

Lakini wako wengi wasiokuwa na mwajiri. Kijana anayechomelea mageti kando ya barabara, mwenye mashine ya kukoboa kijijini Ukara, mvuvi mwenye injini yake mwenyewe. Hao hawana wa kuwapa kinga wala wa kuwafidia. Kwa watu hao bei ya vikombe viwili vya kufunika masikio ihesabiwe pamoja na bei ya diski za grainda na ya mafuta ya injini, kuwa ni gharama ya lazima ya kazi. Na mwenye karakana anayefundisha vijana akumbuke kwamba mwanafunzi huiga anachokiona. Bwana fundi akivaa kinga yake kila anapoiwasha mashine, vijana watavaa. Akiitundika msumarini, nao watatundika zao.

Ndugu wananchi, shime. Kinga ivaliwe kabla ya mashine kuwashwa, ikae barabara, na isivuliwe mpaka mashine izimwe.